Nyumba Moja, Matoleo Manne: Shajara ya Mradi wa Kulinganisha The Sims

Wiki ya 1, Jumamosi

Mradi huu umezaliwa na ubishi. Mpwa wangu, ambaye The Sims, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga nyumba na kuendesha maisha ya watu wa kubuni waishio humo, aliijua kwa toleo lake la nne, alinikuta nimefungua toleo la kwanza akacheka. "Mjomba, hawa watu wako mbona kama vikaragosi?" Nilimjibu kwamba vikaragosi hao wana maisha magumu kuliko hao wake wenye nyuso za kupendeza. Jibu hilo, nakiri, lilikuwa la mazoea tu, kwa sababu imepita miaka mingi tangu niucheze mchezo huo kwa makini, na mtu hukumbuka kwa wema kila alichokipenda ujanani. Kwa hiyo nimeamua kuyapima matoleo yote manne kwa mizani moja, nikiandika ninachokiona kadiri ninavyoendelea.

Matoleo yenyewe ni ya mwaka 2000, 2004, 2009 na 2014. Mawili ya mwanzo yalirudishwa sokoni Januari 2025, mchezo ulipotimiza miaka 25, hivyo hakuna tena haja ya kuhangaika na diski zilizochubuka. La nne linapatikana bure tangu Oktoba 2022, isipokuwa nyongeza zake, ambazo ndizo zinazomaliza pesa.

Mizani niliyoichagua ni nyumba. Will Wright, aliyeubuni mchezo huu katika studio ya Maxis, amesimulia kwamba nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa vilima vya Oakland mwaka 1991, na kwamba alipolazimika kununua upya kila kitu alianza kujiuliza kila kitu nyumbani kina kazi gani. Mwanzoni alikuwa akifikiria mchezo wa usanifu wa majengo, na watu waliingizwa ili wawe waamuzi wa nyumba, yaani waonyeshe kwa tabia zao kama nyumba inafaa kukaliwa. Ikiwa ndivyo, basi haki ni kuwapa waamuzi hao wa vizazi vinne nyumba ile ile na kusikiliza hukumu ya kila mmoja.

Wiki ya 1, Jumapili

Nimechora ramani. Sikutaka nyumba ya mfano wa Kimarekani iliyomo tayari katika kila toleo, kwa sababu hiyo matoleo yote yameizoea. Nimechukua nyumba ya Kiswahili kama zile za Magomeni: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, kisha mlango wa nyuma unaotokea uani, ambako kuna jiko, bafu na choo kimoja cha wote. Hii ni nyumba inayomlazimu mtu kutembea. Aliyelala chumba cha mbele hupita milango mitano ya wenzake kabla ya kufika chooni, na hilo ndilo ninalotaka kulipima.

Wakaaji ni sita: Bi Zuhura, ambaye ni bibi wa nyumba, mwanawe Shomari na mkewe Rehema, watoto wao Asha na Tunu, na mpangaji mmoja, Kassimu, wa chumba cha mbele. Kila toleo litachezwa siku saba za mchezo. Misimbo ya kujipatia fedha nimejiharamishia, ile ya zamani inayotoa simoleoni (ndiyo fedha ya mchezo) 1,000 kwa mkupuo na ile ya matoleo ya baadaye inayotoa 50,000.

Wiki ya 2, Jumatano

Toleo la kwanza. Familia huanza na simoleoni 20,000 iwe na mtu mmoja au sita, na kiwanja chenyewe nacho kinauzwa. Kuta zilisimama bila shida, lakini fedha iliyobaki ilitosha vitanda vya bei ya chini kabisa, jiko, jokofu dogo, choo na taa chache. Bi Zuhura nimemtafutia kichwa chenye mvi, lakini ni mvi za bandia, kwa kuwa toleo hili halina uzee. Lina watoto na watu wazima tu, na mtoto wa shule atabaki mtoto wa shule hata mchezo uchezwe miaka kumi.

Kosa langu la kwanza lilijitokeza asubuhi ya kwanza. Ukumbi niliujenga kwa upana wa mraba mmoja, kama ulivyo katika ramani. Shomari alikuwa akienda uani, Rehema akirudi, wakakutana katikati. Wahusika wa toleo hili hawajui kupishana mahali pembamba. Kila mmoja alisimama, akainua mikono juu, akanitazama mimi na kulalamika kwa lugha yao ile isiyo lugha, huku kipimo cha haja cha Shomari kikizidi kuwa chekundu. Kabla sijamrudisha mmoja nyuma, dimbwi lilikuwa limeshatokea sakafuni, gari la kazini limeshapiga honi nje, na Shomari hakulipanda.

Jambo hilo lina uzito wake. Katika toleo la kwanza hakuna Jumamosi wala Jumapili, kila siku ni siku ya kazi na ya shule, na anayekosa kazi siku mbili mfululizo hufukuzwa. Ajira mpya hutafutwa katika gazeti, ambalo huleta nafasi moja kwa siku, au katika kompyuta, ambayo huleta tatu lakini inagharimu fedha ambayo sina. Tena mhusika mwenye moyo mzito hukataa kabisa kutafuta kazi. Kwa hiyo ukumbi mwembamba unaweza kumfukuzisha mtu kazi. Nimevunja ukuta mmoja na kuupanua ukumbi kuwa miraba miwili, na vyumba vya upande wa kulia vimepungua kwa kiasi hicho.

Wiki ya 2, Jumamosi

Nimemaliza siku saba za toleo la kwanza, nami nimechoka kama niliyekuwa nikiishi humo mwenyewe.

Inafaa kueleza mashine yake inavyofanya kazi, maana ndiyo siri ya ugumu wake. Akili haimo sana katika vichwa vya wahusika. Imo katika vitu. Jokofu hutangaza kwamba linaondoa njaa, choo hutangaza kwamba kinamaliza haja, televisheni hutangaza burudani, na mhusika huisikia mitangazo yote, akailinganisha na upungufu wake, kisha akaifuata inayomvuta zaidi. Na mtangazo hufifia kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Ni kama soko ambalo kila muuzaji ananadi, lakini sauti ya aliye mwisho wa uchochoro haifiki mbele.

Hapo ndipo ramani yangu iliponiumbua. Jiko la uani linanadi kutoka mbali. Kassimu, aliye chumba cha mbele, huisikia televisheni ya barazani kuliko chungu cha uani, kwa hiyo nikimwachia hiari yake hukaa akitazama picha mpaka njaa imwelemee. Mwendo nao una bei: sekunde moja yangu ni dakika moja yao, na kutoka chumba cha mbele hadi chooni nilihesabu sekunde kumi na kitu. Kwenda na kurudi ni kama nusu saa ya asubuhi ya mtu ambaye gari lake halisubiri zaidi ya saa moja.

Mahitaji ni manane: njaa, starehe, usafi, haja, nguvu, burudani, maongezi, na la nane ni chumba, yaani hali ya mahali mhusika alipo. Ukumbi wetu hauna dirisha, na giza hushusha kipimo hicho. Bi Zuhura alishuka moyo kwa kupita tu ukumbini. Taa mbili za ukutani zilimrudisha, na taa hizo zilinigharimu kiti ambacho kingeinua starehe ya Rehema. Kila nilichokiweka kilikuwa kimeondolewa mahali pengine.

Wiki ya 3

Hakuna maendeleo ya maana. Umeme ulikatika nikiwa katika siku ya tano ya toleo la pili na nilikuwa sijahifadhi tangu siku ya pili. Lawama ni yangu. Nimeanza upya.

Wiki ya 4, Alhamisi

Toleo la pili ndilo la kwanza kuwa na maumbo kamili ya pande tatu. Kamera inashuka mpaka kwenye uso wa mtu, na kwa mara ya kwanza nimeiona nyumba yangu nikiwa kama niliyeketi barazani badala ya kunguru juu ya mti. Mahitaji bado ni manane, ukumbi wa giza bado unaudhi, lakini watu wanapishana vizuri zaidi. Siku za wiki zimeingia, kwa hiyo watoto wana Jumamosi yao.

Kilichobadilika hasa ni kwamba watu hawa wana jana na kesho. Kila mmoja ana matamanio manne na hofu tatu zinazoonekana wazi, na ana orodha ya kumbukumbu inayoandika mambo makubwa yaliyompata. Mtoto mchanga hukaa hali hiyo siku 3, hutambaa siku 4, husoma shule siku 8, huwa kijana siku 15 na mtu mzima siku 29, kisha uzee. Sura hurithiwa: nywele nyeusi na za kahawia zina nguvu, za njano na nyekundu hujificha na kuweza kuibuka vizazi vya mbele. Pua ya Bi Zuhura, ambayo niliichonga kwa makusudi iwe pana na yenye kujulikana, imeshuka kwa Shomari na kutoka kwake kwa Tunu. Mpwa wangu aliitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Nyongeza ya misimu, ya mwaka 2007, imenipa jambo ambalo sikulitegemea. Mtaa una nafasi nne za misimu, na mchezaji huzipanga atakavyo, hata kurudia msimu mmoja. Nimeweka majira ya mvua, kisha ya joto, kisha ya majani kupukutika, kisha ya joto tena. Nikapata masika, kipupwe, vuli na kiangazi, kwa mpangilio wake halisi na bila theluji. Mvua ya masika ikimkuta Rehema anavuka ua kuelekea jikoni, anarudi ameloa.

Wiki ya 4, Jumapili

Nimevunja sheria yangu ya siku saba. Bi Zuhura alikuwa mzee wa kweli safari hii, nikashindwa kumwacha njiani. Alifariki uani, karibu na jiko. Mzee aliyeridhika na maisha yake huchukuliwa kwa heshima katika toleo hili: mtoa roho huja na wacheza ngoma wa hula na kinywaji mkononi, jambo la kuchekesha ambalo lilinihuzunisha. Jiwe la kaburi nimeliacha pale pale. Kifo hicho kimeandikwa katika kumbukumbu za Shomari, Rehema na watoto wote wawili, na usiku Bi Zuhura huonekana akipita ukumbini.

Kwa upande wa usawa wa kipimo hili ni kosa, maana toleo la pili sasa limepata siku nyingi kuliko wenzake. Nimeliandika ili lijulikane.

Wiki ya 5

Wiki hii sikujenga. Nimeitazama familia ya Goth, iliyomo katika matoleo yote manne, kama kipimo cha pili. Katika toleo la kwanza Mortimer na Bella ni mume na mke wenye binti mdogo, Cassandra. Katika la pili Mortimer ni mzee, Cassandra ni mtu mzima, amezaliwa Alexander, na Bella ametoweka. Toleo la tatu limerudi nyuma miaka 25 kabla ya la kwanza, kwa hiyo Mortimer na Bella ni watoto wanaocheza pamoja. La nne linawakusanya wote wakiwa salama, kana kwamba lile la pili halikutokea. Wabunifu wana haki ya kufanya hivyo, lakini mimi niliyemtafuta Bella miaka ile nimeona ni kama kufutiwa kesi mahakamani bila kuitwa.

Wiki ya 6, Jumanne

Toleo la tatu limebomoa ukuta wa kiwanja. Mtaa mzima uko wazi, na mtu anaweza kutoka barazani, akapita kwa jirani, akafika ufukweni, bila skrini ya kupakia kukatiza. Majirani wanazeeka, wanaoana na kuhama hata nisipowagusa. Katika toleo la pili kila nyumba ina saa yake, na jirani nisiyemcheza hubaki na umri ule ule wakati watoto wangu wanakua.

Baraza, kwa mara ya kwanza, limepata kazi. Wapita njia ni watu wenye safari zao.

Kuna jambo dogo ambalo nimelikalia jioni nzima. Toleo hili lina zana ya kuchukua ruwaza yoyote na rangi yoyote na kuipaka juu ya karibu kitu chochote, kiwe nguo, kochi au ukuta. Nilichukua ruwaza moja ya maua makubwa, nikaipa nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, nikamvisha Rehema, kisha nikaiburuta ile ile hadi kwenye pazia la chumbani. Doti moja, kipande mwilini na kipande mlangoni, kama ilivyo katika nyumba nyingi ninazozijua. Hakuna toleo jingine linaloweza hilo. La nne linatoa rangi zilizopangwa tayari, na usipoipenda yoyote huna la kufanya.

Uhuru huo wote una gharama. Programu yake ya Windows ni ya biti 32, kwa hiyo haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata kompyuta iwe nazo nyingi, na wachezaji wazoefu wanaijua vyema Hitilafu ya 12 inayozuia mchezo kuhifadhiwa kumbukumbu ikijaa. Ninahifadhi kila nusu saa, kwa jina jipya kila mara.

Mahitaji humu ni sita. Starehe na chumba vimeondolewa katika orodha, na badala yake chumba kizuri huleta alama ya furaha ya muda, kibaya huleta ya kero. Niliwaza kwamba ni mabadiliko ya juu juu. Sasa sina hakika.

Wiki ya 8, Jumamosi

Toleo la nne, baada ya wiki mbili za kulicheza na mpwa wangu kando yangu kama wakili wa utetezi.

Haki yake kwanza. Lilipotoka Septemba 2014 lilikuwa limepunguzwa mno, bila mabwawa ya kuogelea na bila watoto wanaotambaa. Mabwawa yalirudi Novemba mwaka huo huo, watoto hao Januari 2017, na watoto wachanga walioweza kubebwa na kulishwa kama watu badala ya kufungwa kwenye kitanda chao walikuja Machi 2023. Sasisho la Desemba 2020 liliongeza rangi za ngozi zaidi ya 100, na familia yangu kwa mara ya kwanza imepata ngozi zenye uhai. Katika toleo la pili nilikuwa na nne za kuchagua.

Na mazungumzo. Wahusika wa toleo hili hufanya mambo mawili kwa pamoja, hupika huku wakisimulia, hutazama televisheni huku wakitaniana. Niliwaacha watano barazani jioni, nao wakaongea pamoja, mmoja akiingia na mwingine akitoka, bila mimi kubonyeza chochote. Baraza la toleo hili halina mpinzani.

Kisha kuna nyongeza ya Desemba 2023 inayoruhusu kiwanja kimoja kuwa na makazi hadi sita ya kupangisha. Katika toleo la pili jengo la wapangaji lilikuwepo tangu nyongeza ya 2008, lakini kulijenga mwenyewe kulihitaji msimbo wa siri. Humu Kassimu ni mpangaji kweli: ana chumba chake, analipa kodi, na ukumbi na ua nimeviweka kuwa sehemu za pamoja. Mpwa wangu alisema, "Si unaona, Mjomba? Nyumba yako imekubaliwa." Ni kweli, hakuna toleo lililoielewa ramani yangu kama hili. Malalamiko yangu ya kando ni kwamba majira ya baridi hayaondoki kwenye mzunguko wa misimu, na theluji imeanguka juu ya jiko la uani.

Asubuhi ya siku ya tatu lilitokea lile nililokuwa nikilisubiri. Choo kilikuwa na mtu, Kassimu akangoja mlangoni, akashindwa. Katika toleo hili hisia ndizo zinazotawala, na Kassimu alipatwa na aibu. Aibu ikizidi mno humuua mhusika, kwa hiyo hapa kufa kwa aibu si msemo. Lakini Kassimu hakufika huko. Nilimpeleka chumbani akajificha chini ya shuka kwa muda, akaoga, aibu ikapita, akaenda kazini. Dimbwi likapigwa deki. Ukumbi wangu ule ule, choo kile kile, na siku ikaendelea kama kawaida.

Wiki ya 9, Jumapili

Nimezifungua nyumba zote nne, moja baada ya nyingine, na kutazama asubuhi moja tu ya kila moja, kuanzia saa 12 hadi saa 3.

Kilichonipita wiki ya 6 sasa nakiona. Matoleo mawili ya mwanzo yameiweka nyumba ndani ya mwili wa mhusika. Chumba kilikuwa hitaji sawa na njaa, na lililopungua lilimwumiza mpaka lirekebishwe kwa fedha au kwa kubomoa ukuta. Matoleo mawili ya baadaye yameigeuza nyumba kuwa chanzo kimoja cha hisia miongoni mwa vingi, na chumba kibovu huweza kufidiwa na mzaha, shuka au picha nzuri ukutani. Kwa hiyo toleo la nne linajua nyumba ya Kiswahili ikoje, na la kwanza, ambalo halijui hata uzee ni nini, linajua kuishi humo kunadai nini. Sidhani kama ningeliona hilo kwa nyumba yenye vyoo vitatu.

Mpwa wangu hakubali. Anasema toleo la kwanza ni gumu kwa sababu halina akili, na kwamba watu wawili wazima kushindwa kupishana ukumbini si uhalisia, ni kasoro. Nimemwambia acheze siku saba, nyumba ile ile, ukumbi wa mraba mmoja, bila misimbo. Alianza leo alasiri. Alipoondoka, Shomari alikuwa amekosa gari la kazini kwa siku ya kwanza, na mpwa wangu alikuwa ameomba karatasi ili achore choo cha pili kitakaa wapi.